Tulivyompeleka Mama Wairimu Kwenye Baloti

Watu wakiniuliza nilifanya kazi gani Eldoret, huwaambia nilikuwa napika mkojo. Wajukuu wangu hucheka, na yule mmoja anayesomea uuguzi hudhani nafanya mzaha. Si mzaha. Kila asubuhi nilitia dawa ya buluu kwenye kichupa cha kioo, nikadondosha humo mkojo wa mgonjwa, nikashikilia juu ya moto wa spiriti mpaka uchemke. Ukibaki buluu, sukari hakuna. Ukigeuka kijani, ipo kidogo. Ukiwa manjano, imezidi. Ukiwa mwekundu kama tofali, unamwita daktari na chai yako inapoa. Ilibidi mdomo wa kichupa uelekee ukutani, kwa sababu ukichemka ghafla unaruka, na hiyo harufu hata ikitoka kwenye aproni haitoki kichwani.

Mzee mmoja kutoka upande wa Plateau alinikuta dirishani nikichemsha. Akamgeukia mkewe aliyelazwa pale karibu, akamwambia kwa kuridhika, "Hapa utapona. Hawa wanachemsha dawa kama sisi tu."

Sikumrekebisha. Mtu akishaiamini wadi yako, nusu ya kazi umemaliza.

Nawaandikia nyinyi mnaoanza. Najua sasa mnachoma kidole, na kale kamashine kanawaambia namba kabla mgonjwa hajamaliza kulalamika. Ni vizuri, wala siwaonei kijicho. Lakini kuna jambo moja ambalo kamashine hako hakatawafunza, na mimi nililifunzwa na wanawake wawili. Wa kwanza ni Sista Jepkosgei, aliyekuwa mkubwa wa wadi ya wanawake katika hospitali niliyofanyia kazi pale mjini. Wa pili alikuwa mgonjwa, Mama Wairimu wa kijiji cha Ziwa, nje ya mji.

Sista Jepkosgei alikuwa Mnandi mrefu, mtaratibu, aliyetembea wadini bila viatu vyake kusikika. Mimi nilikuwa msichana mgeni kutoka Bunyore, nimetoka chuoni na majina ya magonjwa yamenijaa kinywani. Siku zangu za mwanzo alinisimamisha katikati ya vitanda akaniambia, "Esta, mtoto anakuja hapa na ugonjwa. Mzee haji na ugonjwa. Mzee anakuja na ukoo mzima wa magonjwa. Kuna baba, kuna watoto, na kuna wakwe wasioangaliana usoni. Ukimkaribisha mmoja vibaya, mwingine anageuza meza."

Kisha akanionyesha. Usimuulize mzee anaumwa wapi, alisema, maana atakutajia panapouma leo, nawe utamtibu ya leo tu. Muulize jana alifanya nini tangu aamke. Akisema alilala amekaa kwenye kiti, muulize kitanda kilimkosea nini. Ndipo utasikia kwamba akilala chali anahisi kama anazama, na kumbe ni moyo uliochoka. Mbonyeze mfupa wa mguu kwa dole gumba, utazame kama shimo linabaki. Tazama viatu: kama vimepasuliwa pembeni kwa wembe, huo uvimbe si wa juzi. Na kabla ya yote, inua godoro. Chini ya godoro la mzee ndiko ziliko dawa ambazo daktari anadhani zimemezwa.

Niliinua magodoro mengi. Bibi mmoja alikuwa ameweka vidonge vya presha vya wiki nzima ndani ya soksi. Nilipomuuliza, akasema anamwekea mumewe, kwa sababu mzee naye kichwa humgonga lakini anaona haya kuja hospitali. Mambo kama hayo huwezi kuyakuta kwenye faili.

Sasa Mama Wairimu.

Alikuja upande huu akiwa bado kijana, yeye na mumewe, kutoka Nyeri. Walifanya kazi kwa mzungu mmoja mwenye shamba kubwa ng'ambo ya Ziwa; mume akachunga na kukamua, yeye akachuma maua ya pareto. Mume akafia pale pale na kuzikwa ukingoni mwa miti ya miwati. Wairimu lilikuwa jina lake mwenyewe; walikuwa na binti mmoja tu, Nyambura, aliyeolewa Nakuru. Uhuru ulipokuja na mzungu akaamua kuuza, wafanyakazi wake na watu wengine waliotoka mbali waliungana wakaanzisha kampuni ya kununua shamba lile. Mama Wairimu aliuza kila kilichokuwa na miguu kwenye boma lake, akanunua hisa. Alipoletwa kwetu alikuwa bado anaishi katika nyumba ya vibarua, lakini akitamka neno "shamba langu," ungedhani mahindi yanamsikia.

Aliletwa kwenye trela ya trekta, amekaa wima katikati ya magunia, akivuta pumzi kama mtu anayepanda mlima. Miguu imejaa maji mpaka magotini. Moyo, sukari, presha, magoti yaliyokaza, na kidonda kwenye kifundo cha mguu ambacho kilikuwa kikifunga na kufunguka kama duka. Haikuwa mara yake ya kwanza. Tulikuwa tukimkausha maji, anapumua vizuri, anarudi nyumbani, na kabla hatujamsahau trela inaonekana tena langoni.

Sista Jepkosgei alitaka kujua kwa nini. Akavuta kiti, akamuuliza habari za jana na juzi, polepole, kama anavyofanya.

"Mama, kliniki huji?"

"Nakuja," Mama Wairimu akasema. "Nakuja mpaka nimechoka na nyinyi. Ya sukari ni Jumanne. Ya moyo ni Alhamisi. Ya kidonda mkasema nije Jumatatu. Kutoka kwetu mpaka barabarani mimi natembea asubuhi yote. Nikija Jumanne, Alhamisi bado niko kitandani na magoti. Kwa hivyo nachagua."

"Unachaguaje?"

"Ile iliyonisumbua zaidi. Kama watoto. Anayelia sana ndiye anabebwa."

Kila kliniki ilikuwa na daktari wake, na kila daktari alifanya yaliyo sawa kwa kiungo chake. Wa moyo alimpa kidonge cha moyo na kidonge cha kutoa maji. Wa sukari alimpa vidonge vya sukari. Mwingine akaongeza vya presha. Dawa zote zilikaa katika mkebe mmoja wa mafuta ya kupikia, aliokuja nao kifuani kama mtu abebavyo kifaranga.

Safari hiyo alitulia kwa siku chache, kisha akatuambia habari iliyokuwa inamkosesha usingizi. Kampuni ilikuwa imemaliza kupimiwa shamba. Jumamosi ya wiki iliyofuata ilikuwa siku ya baloti. Kwa nyinyi ambao hamkuona mambo hayo: namba za vipande vya shamba ziliandikwa kwenye vikaratasi, vikakunjwa, vikatiwa ndani ya debe. Kila mwanahisa aliitwa kwa jina, akatumbukiza mkono, na alichookota ndicho chake na cha watoto wake. Haikuwezekana kumtuma mtu. Walikuwa wameona mengi, kwa hivyo kanuni yao ilikuwa kali: asiyefika mwenyewe atapewa kitakachobaki. Na kila mtu alijua kitakachobaki ni kinamasi cha upande wa chini, ambako hata ng'ombe wa mzungu walikuwa wakizama.

"Hiyo siku lazima niwe huko," Mama Wairimu alisema. "Mkinifunga hapa nitaruka dirisha."

Daktari wetu wa wadi alikuwa Daktari Mehta, Mhindi mwembamba, mpole, aliyezaliwa Kisumu na kuongea Kiswahili kama mtu wa sokoni. Alimsikiliza, akampima, akatikisa kichwa. "Mama, moyo wako hauwezi. Shamba litangoja."

"Shamba halingoji mtu, daktari. Wewe umezaliwa mjini."

Siku mbili baadaye akaacha kula. Chakula kilikuja na kurudi. Msichana mmoja mwanafunzi akanong'ona kwamba bibi amegoma kwa sababu amekatazwa baloti, na kusema kweli wengi wetu tuliona hivyo. Asubuhi yake Sista Jepkosgei alikuwa anatandika kitanda chake pamoja nami. Mama Wairimu akatazama juu, akauliza kwa sauti ya uchovu, "Huu ukuta mmeupaka manjano lini?"

Mwanafunzi akacheka. Ukuta ulikuwa mweupe, umepakwa chokaa tangu enzi za ukoloni. Sista Jepkosgei hakucheka. Aliacha shuka nusu imetandikwa, akaenda kumtafuta daktari, naye Daktari Mehta akaja akitembea haraka, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Akashika mkono wa Mama Wairimu na kuusikiliza mshipa kwa muda mrefu.

"Mama, shuka ni rangi gani?"

"Manjano."

"Na mimi?"

"Wewe pia, kidogo," akasema. Hata daktari akatabasamu.

Alitufafanulia pale pale kitandani, sisi wote pamoja na yule mwanafunzi. Kidonge cha kutoa maji hutoa maji, lakini huondoka na chumvi fulani ambayo moyo unaihitaji. Chumvi hiyo ikipungua, kidonge cha moyo, hata kama ni kile kile cha jana, hugeuka kuwa sumu. Mgonjwa anakinai chakula, anatapika, anaona manjano, na moyo unapoteza hatua. Kisha asipokula huku anameza vidonge vya sukari, sukari nayo inaanguka. Wakwe wale wa Sista Jepkosgei walikuwa wamekutana ndani ya mwili mmoja.

Daktari akaomba trei. Akamimina mkebe wote juu yake, akapanga vidonge kwa rangi, akakaa ukingoni mwa kitanda akivitazama kama mtu anayecheza bao. "Kila mmoja wetu aliongeza," akasema, "na hakuna aliyetoa." Akasimamisha cha moyo kwa siku kadhaa, akapunguza vingine, kimoja akakiondoa kabisa. Akaagiza ndizi mbivu asubuhi na jioni. Jumatano Mama Wairimu alikula ugali wote na kuuliza kama kuna maziwa mala. Ukuta ukarudi kuwa mweupe.

Alhamisi, daktari alipopita, alisimama kwake kuliko kwa wengine. "Mama, kama ni kwenda tu na kurudi, na kama kuna muuguzi wa kukaa nawe bega kwa bega, sitasema hapana."

Jumamosi ile mimi nilikuwa na mapumziko. Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka kwenda, na zaidi ya hapo nilitaka kumwona ameshika karatasi ya shamba zuri.

Sista Jepkosgei alinipanga kama askari anayepelekwa vitani. Kidonge cha maji asimeze asubuhi hiyo, atakimeza tukirudi, la sivyo jina lake litaitwa akiwa vichakani. Vidonge vya sukari nusu tu, na asimeze kabla sahani haijawa mbele yake. Uji kwenye chupa ya chai. Ndizi. Kigoda, asisimame. Na kipande kikubwa cha sukari nguru nikifunge kwenye leso yangu, si kwenye mkoba, kwa sababu mkoba unaweza kubaki garini. Shikeni hilo la leso. Kitu cha kuokoa maisha kikae mwilini mwako.

Tulisafiri na pikapu ya mwenye duka mmoja wa Ziwa, naye alikuwa mwanahisa, mtu wa kwao Nyeri. Mama Wairimu alikaa mbele. Tulipofika kwenye miwati alipunga mkono dirishani, na mimi nikajua anamsalimu nani.

Watu walikuwa wamejaa kwenye nyasi mbele ya nyumba ya mzungu, ambayo milango yake ilikuwa wazi na maua yamekuwa msitu. Meza iliwekwa barazani, debe juu yake. Wengi walikuwa watu wa kutoka Mkoa wa Kati, lakini walikuwapo pia Waluhya waliofanya kazi humo miaka mingi. Mmoja wao alikuwa Barasa, aliyekuwa dereva wa trekta la mzungu, na ndiye aliyekuwa akimleta Mama Wairimu hospitali kwenye trela. Alituletea kigoda kingine, akakaa karibu nasi.

Waliosema tutaanza asubuhi walianza jua likiwa utosini. Kulikuwa na maombi, kisha hotuba, kisha mabishano juu ya ramani, kisha maombi ya kutuliza mabishano. Uji uliisha. Ndizi moja Mama Wairimu alimpa mtoto aliyekuwa akilia, nami sikuona. Majina yakaanza kuitwa. Barasa aliitwa mapema, akaokota, akarudi akiwa amenyong'onyea. Kipande chake kilikuwa juu kabisa, kando ya barabara ya murram. Mawe matupu.

Mara Mama Wairimu akaanza kugombana nami. Akaniita Nyambura, akaniuliza kwa nini nimeacha ndama wamenyonya. Niligusa shingo yake: jasho, baridi kama chura. Mtu nyuma yetu akasema huyu mama amekunywa. Mwingine akasema ni roho. Mimi nilikuwa nimekwisha kufungua leso.

"Mama, tafuna hii."

"Sitaki."

"Ni ya ndama. Onja kama ni tamu."

Akaonja. Nikamsugulia nyingine ndani ya shavu, Barasa akakimbia kutafuta chai, nikatia humo sukari mpaka kijiko kikakwama. Wakati huo huo, barazani, jina lake likaitwa.

"Yuko," nikasema.

Katibu akaita tena.

"Yuko hapa. Ni mgonjwa. Anakuja."

"Asogee mezani," katibu akasema. "Kanuni ni mtu mwenyewe. Kama hawezi, tuendelee na mwingine."

Manung'uniko yakapita kwenye nyasi. Wapo waliotaka tuendelee. Kila jina lililorukwa lilimsogeza mtu karibu na debe. Barasa akasimama, na alikuwa mtu mrefu. "Mwenyekiti," akasema, "huyu mama hana miguu leo. Debe ni jepesi."

Mwenyekiti alikuwa mzee mnene, aliyevaa koti zito katika jua lile. Alifikiri kidogo. Kisha akanyanyua debe mwenyewe, akashuka ngazi za baraza, watu wakimpisha, akaja akasimama mbele ya kigoda chetu.

"Mama Wairimu. Okota."

Mama Wairimu alimtazama, akatazama debe, akatazama kikombe kilichokuwa mkononi mwake.

"Ngoja," akasema.

"Nini tena?"

"Ngoja kwanza kichwa kirudi. Sitaokota shamba langu na kichwa cha mtu mwingine."

Akanywa chai yake. Mkutano mzima ukangoja, mwenyekiti amekumbatia debe kama mtoto. Akamaliza, akapangusa midomo kwa upindo wa kitambaa, akaniuliza, "Sista Esta, ndizi ilibaki?" Aliponiita jina langu nikajua amerudi. Akala ndizi. Ndipo akatumbukiza mkono.

Kilikuwa kipande cha mtoni. Mnajua watu wanavyotoa sauti wakiona mwenzao amebahatika, ile sauti iliyo nusu pongezi na nusu kidonda? Ndiyo iliyosikika. Udongo mweusi, maji karibu, hakuna jiwe hata moja. Mimi nilikuwa karibu kulia kwa furaha. Mwenye duka wa Ziwa alimshika mkono mara mbili.

Mama Wairimu aliikunja ile karatasi. "Barasa, wewe ulipata wapi?"

"Juu, Mama. Barabarani. Mawe."

"Gari la maziwa linapita hapo?"

"Kila asubuhi. Linapeleka mikebe kiwandani, Eldoret."

"Basi tubadilishane."

Kwanza hakuna aliyeelewa. Mwenye duka akamsemesha kwa lugha yao, haraka haraka, akimwonyesha mto kwa kidole. Barasa akarudi nyuma kama aliyechomwa. "Hapana, Mama. Watu watasema nimemnyang'anya mgonjwa."

"Sikiliza," Mama Wairimu akasema. "Huko mtoni mahindi yatanifika kifuani, na mimi nitakuwa nimelala chini yake. Gari la maziwa haliteremki mtoni. Wewe una miguu, mimi sina. Utanilimia hayo mawe kila msimu, na ukivuna utaniletea gunia. Hayo mengine ni yako."

Mwenyekiti aliweka debe chini. Aligeuka, hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Sista. Sasa hivi huyu mama alikuwa anaongea na ndama. Wewe ndiye unajua hayo mambo. Akili yake iko sawa, au ni huo ugonjwa unaongea?"

Vijana wangu, katika kazi hii mtaulizwa swali hilo mara nyingi, na mara nyingi anayeuliza atakuwa na jibu analolitaka. Mimi mwenyewe nilikuwa na jibu nililolitaka. Nilitaka achukue mto. Ningesema tu, "Tungoje kidogo, bado hajatulia," na hakuna ambaye angenipinga.

Nilichuchumaa mbele yake. Nikashika mkono: mkavu, wa joto. Nikamuuliza leo ni siku gani, akasema Jumamosi. Nikamuuliza mimi ni nani, akasema mimi ni yule Mnyore anayempa ndizi. Nikamuuliza, "Mama, ukichukua mawe, unapoteza nini?"

"Napoteza mto," akajibu. "Na udongo. Na mwenye duka atanicheka mpaka Krismasi."

"Na unapata nini?"

"Napata kufika hospitali."

Nikasimama. "Mwenyekiti, akili yake iko sawa. Hayo ni maneno yake."

Karatasi zikabadilishwa mbele ya watu wote. Barasa alikuwa na machozi, akayapangusa kwa kofia kana kwamba ni jasho.

Jioni hiyo nilimrudisha kitandani, akameza kidonge chake cha maji, nikamsimulia Sista Jepkosgei. Alicheka pale pa ndama na pa mkutano mzima uliongoja amalize chai. Nilipofika kwenye kubadilishana akainuka. Akaenda akafunga dirisha lililokuwa limefungwa tayari.

"Mgonjwa amehamisha shamba lake aje kwetu," akasema. "Sisi tumeshindwa kuhamisha Jumanne?"

Hilo ndilo alilompelekea Daktari Mehta, kwa maneno hayo hayo. Msidhani ilikuwa rahisi. Daktari mmoja alisema moyo na sukari haviwezi kukaa chumba kimoja. Sista Jepkosgei akamjibu kwamba vimekaa kwenye kifua kimoja miaka yote hii bila kumwomba ruhusa. Chumba hakikuwapo, tukapewa stoo ya magodoro. Siku ya pamoja ikawa Alhamisi. Kanuni zetu zilikuwa chache: kila mzee aje na dawa zake zote, zimiminwe kwenye trei mbele ya daktari, na hakuna kidonge kinachoongezwa kabla ya kuuliza kipi kitoke. Mimi nilifunga vidonda pale pale kwenye benchi, mzee akisubiri zamu yake. Hayo ndiyo mambo ninayowaachia. Majina ya dawa yatabadilika, lakini trei bado itawafaa.

Mama Wairimu aliishi miaka mingi kwenye mawe yake. Barasa alilima hata baada ya kupata wanawe wa kumlimia, na gunia halikukosa. Magonjwa yote yalibaki naye mpaka mwisho, hakuna hata moja lililoondoka. Alijifunza tu kuyakalisha pamoja. Alifariki nyumbani, mchana, akiwa ameketi kwenye kiti nje, na wakamzika miwatini kando ya mumewe.

Lakini nataka kumalizia na ile Alhamisi ya kwanza. Tulikuwa tumefagia stoo, tumeweka benchi, na hatukujua kama kuna atakayekuja. Gari la maziwa likasimama langoni. Dereva akashuka akafungua nyuma, na pale katikati ya mikebe nikamwona Mama Wairimu. Hakuwa peke yake. Alikuwa amesimama barabarani kwake tangu alfajiri akiwakusanya: bibi mmoja kipofu aliyeshikwa mkono, mzee wa Kikuyu mwenye mguu uliofungwa tambara, mama wa Kiluhya aliyekuwa akikohoa. Nyuma yao kulikuwa na mzee wa Kinandi wa ng'ambo ya barabara, mwenye fimbo mbili, ambaye hakuna kliniki yetu iliyowahi kumwona.

Nilimshika mzee huyo mkono akashuka. Alikuwa amebeba mfuko wa ngozi uliojaa mizizi, maganda ya miti, vidonge vya madukani vilivyopoteza rangi, na chupa ambayo sikutaka kuinusa. Nikamuuliza kama nilivyozoea kuuliza watu wa foleni, "Mzee, umekuja kwa ugonjwa gani?"

"Sijui majina yake," akasema. "Mama Wairimu aliniambia leo mnaangalia yote. Nimeleta yote."

Nikampisha aingie, nikamletea trei.